Georg Ohm: Mtu Aliyepima Ukinzani wa Umeme

Mkondo wa maji na mkondo wa umeme

Fikiri kwamba umesafiri kutoka Dar es Salaam kuelekea kusini, ukaingia Wilaya ya Kibiti, kisha ukaiacha barabara kuu na kushika njia ya mashariki hadi Nyamisati. Hapo utaiona delta ya Mto Rufiji. Mto huu haumwagi maji yake baharini kwa mdomo mmoja. Hugawanyika katika mikono mingi, nayo hupita katikati ya misitu mikubwa ya mikoko, mkabala wa Kisiwa cha Mafia.

Wavuvi wa huko huyatazama maji kabla ya kusukuma mitumbwi yao. Maji yanapokupwa, mkondo hukimbia kuelekea baharini. Maji yanapojaa, mkondo hurudi ndani ya delta. Maji yanapotulia kati ya kujaa na kupwa, mtumbwi usiopigwa kasia hubaki mahali pake.

Mvuvi anajua mambo mawili kuhusu mkondo. Jambo la kwanza ni kwamba maji hayaendi bila kusukumwa. Lazima upande mmoja uwe juu kuliko mwingine. Jambo la pili ni kwamba njia nayo ina kazi yake. Mkono mpana hupitisha maji mengi. Kijito chembamba, kilichojaa mizizi ya mikoko, hupitisha maji machache, ijapokuwa bahari ni ileile.

Sasa tumfuate mvuvi huyo nyumbani kwake usiku. Anayo betri ya volti 12, ambayo mchana hujazwa kwa umeme wa jua. Karibu na betri ametundika balbu ya uzi, kama zile za gari, nayo huwaka sana. Kisha amenunua waya mrefu, mwembamba, wa bei nafuu, akaweka balbu nyingine ya aina ileile katika banda la nyavu. Balbu hiyo huwaka hafifu. Balbu si mbovu, na betri ni ileile. Je, mwanga umepotelea wapi?

Mtu aliyelijibu swali la namna hii kwa vipimo alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake ni Georg Simon Ohm. Jibu lake lilikuwa fupi na la kweli, lakini wengi hawakulithamini, naye aliishi miaka mingi katika hali duni kabla ya kupewa heshima yake. Soma habari za maisha yake, nawe utaweza kumsaidia mvuvi wetu.

Mwana wa fundi wa makufuli

Georg Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi, 1789, katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Hakuwa amesoma shule ya juu, lakini alijifundisha mwenyewe hesabu na sayansi kwa kusoma vitabu baada ya kazi. Mama yake alifariki Georg alipokuwa na umri wa miaka 10. Katika familia ile walizaliwa watoto saba, na watatu tu ndio waliokua na kufikia utu uzima.

Baba aliwafundisha wanawe, Georg na Martin, yale aliyoyajua. Karakana nayo ilimfundisha Georg mengi. Kufuli halifunguki kwa sababu fundi anatamani lifunguke; hufunguka kwa sababu kila kipande kimekatwa kwa kipimo chake. Mikono ya Georg ikazoea kazi ya uangalifu, na akili yake ikazoea kupima.

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Huko alisahau kwa muda yale aliyofundishwa. Badala ya kusoma, alitumia saa nyingi katika dansi, michezo ya meza, na kuteleza juu ya barafu. Baba yake alikasirika sana. Yeye mwenyewe hakuwahi kupata nafasi ya kusoma chuoni, na sasa aliona mwanawe akiitupa nafasi hiyo. Baada ya mihula mitatu Georg aliondoka chuoni, akapelekwa Uswisi, ambako alifundisha hesabu katika shule moja.

Je, alikata tamaa? La. Huko Uswisi aliendelea kujisomea peke yake, kama alivyofanya baba yake. Mwaka 1811 alirudi Erlangen, akafanya mtihani wa juu wa chuo kikuu na kupata shahada ya udaktari. Baadaye, mwaka 1817, alipata kazi ya kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya mji wa Köln. Shule hiyo ilikuwa na chumba chenye vifaa vya sayansi. Baada ya kufundisha, Ohm aliingia humo na kufanya majaribio yake.

Mwalimu na nyaya zake

Wakati ule sayansi ya umeme ilikuwa changa. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alikuwa ametangaza betri ya kwanza. Mwaka 1820 Mdenmaki Hans Christian Ørsted alikuwa ameonyesha kwamba waya unaopitisha umeme hugeuza sindano ya sumaku iliyo karibu nao. Watu walijua kwamba umeme hupita vizuri katika metali. Lakini ni umeme mwingi kiasi gani hupita, na kwa nini mara hupita mwingi na mara mchache? Ohm alitaka kujibu swali hilo kwa namba.

Alianza kwa kutumia betri za namna ya Volta, akakutana na taabu ambayo wewe pia umeiona. Ukiwasha tochi kwa muda mrefu, mwanga wake hufifia kwa sababu betri zake hulegea. Betri za Ohm nazo zililegea katikati ya kipimo. Mwaka 1825 alichapisha kanuni yake ya kwanza kuhusu umeme katika nyaya, na kanuni hiyo haikuwa sahihi. Mtu mwingine angeweza kuitetea ili asiaibike. Ohm alirudi katika chumba chake na kupima tena.

Johann Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri atumie chanzo kingine cha umeme. Chanzo hicho kilikuwa kimegunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821. Metali mbili tofauti huunganishwa katika ncha mbili. Ncha moja ikiwa ya moto na nyingine ikiwa baridi, umeme hupita. Ohm aliunganisha shaba na metali iitwayo bismuthi. Ncha moja aliiweka penye maji yanayochemka na nyingine penye barafu. Kwa kuwa joto la maji yanayochemka na baridi ya barafu havikubadilika, msukumo wa umeme nao haukubadilika. Sasa alikuwa na chanzo cha kuaminika.

Kisha alichukua nyaya nane za shaba zenye unene mmoja lakini urefu mbalimbali. Aliziunganisha mojamoja katika mzunguko, na juu ya mzunguko alitundika sindano ya sumaku. Waya mfupi ulipounganishwa, sindano iligeuka sana. Waya mrefu ulipounganishwa, iligeuka kidogo. Aliandika kila kipimo, akarudia siku nyingine, akalinganisha.

Kanuni aliyoigundua

Vipimo vya Ohm vilionyesha mambo matatu, nawe uyashike vizuri.

Kwanza, msukumo wa umeme ukiongezeka, mkondo nao huongezeka. Msukumo ukiwa mara mbili, mkondo huwa mara mbili. Msukumo huo tunaupima kwa volti, na mkondo tunaupima kwa ampea.

Pili, kila kitu kinachopitisha umeme huuzuia kidogo umeme huo. Uzuiaji huu huitwa ukinzani. Waya mrefu una ukinzani mkubwa kuliko waya mfupi wa aina na unene uleule. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa kuliko waya mnene. Ukizifunga nyaya mbili za aina moja ubavu kwa ubavu ili umeme upite katika zote mbili, ukinzani huwa nusu ya ule wa waya mmoja. Ukinzani ukiwa mara mbili na msukumo ukawa uleule, mkondo huwa nusu.

Tatu, sehemu za mzunguko zinapofuatana, moja baada ya nyingine, ukinzani wake hujumlishwa. Umeme unaoiendea balbu hauna njia ya kuukwepa ukinzani wa waya.

Tunaweza kuiandika kanuni hiyo hivi:

Volti = ampea × omu

Omu ni kipimo cha ukinzani. Msukumo wa volti 1 ukipitisha mkondo wa ampea 1 katika waya, ukinzani wa waya huo ni omu 1. Kanuni hii ni kweli kwa metali ambazo joto lake halibadiliki. Waya ukipata moto sana, ukinzani wake huongezeka.

Ufanye mfano huu. Tochi ina betri mbili, kila moja ya volti 1.5. Zikifuatana, msukumo wake ni volti 3. Ikiwa ukinzani wa balbu ni omu 10, mkondo ni 3 ÷ 10, yaani ampea 0.3.

Miaka ya taabu

Mwaka 1827 Ohm alichapisha kitabu kilichoeleza kanuni hiyo kwa hesabu. Alikuwa na matumaini ya kupewa kazi ya kufundisha katika chuo kikuu. Matumaini hayo hayakutimia. Baadhi ya wataalamu wa nchi yake walikipinga kitabu, wengine hawakukijali. Wapo walioona kwamba hesabu nyingi hazina nafasi katika mambo ya umeme.

Ohm aliumia moyoni. Mwaka 1828 aliiacha kazi yake ya Köln, akaishi Berlin kwa malipo madogo ya kufundisha saa chache kwa juma. Alikuwa na umri wa karibu miaka 40, hana cheo, hana mali. Hata hivyo hakuifuta kanuni yake. Mara ya kwanza, mwaka 1825, aliibadili kanuni kwa sababu vipimo vilimwonyesha kosa. Safari hii hakuibadili, kwa sababu aliyempinga alikuwa mtu, si kipimo. Angalia tofauti hiyo, mwanafunzi, maana ndiyo inayomtambulisha mwanasayansi.

Mwaka 1833 alipata kazi katika shule ya ufundi ya Nürnberg. Polepole wataalamu wa nchi nyingine walipima kama yeye na kupata majibu yaleyale. Mwaka 1841 chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza, kiitwacho Royal Society, kilimpa Nishani ya Copley, ambayo ni heshima kubwa. Mwaka 1852 alifanywa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich. Alikuwa amekingoja cheo cha namna hiyo kwa miaka 25 tangu kitabu chake kutoka. Alikitumikia kwa miaka miwili tu. Alifariki tarehe 6 Julai, 1854, akiwa na umri wa miaka 65.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa nchi nyingi walikutana Paris, Ufaransa, wakakubaliana kwamba kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake. Ndiyo maana tunasema omu. Alama yake ni herufi ya Kigiriki Ω.

Tumsaidie mvuvi

Sasa rudi katika delta ya Rufiji. Betri ina volti 12. Tuseme kila balbu ina ukinzani wa omu 12.

Kwa balbu iliyo karibu na betri, waya ni mfupi sana, na ukinzani wake ni mdogo mno. Mkondo ni 12 ÷ 12, yaani ampea 1.

Nguvu ya umeme, yaani kiasi cha nishati kinachotumiwa katika kila sekunde, hupimwa kwa wati. Tunaipata hivi:

Wati = volti × ampea

Basi balbu hiyo hutumia 12 × 1, yaani wati 12.

Balbu ya banda la nyavu iko mwisho wa waya mwembamba. Tuseme waya wote, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 4. Jumla ya ukinzani ni 12 + 4, yaani omu 16. Mkondo ni 12 ÷ 16, yaani ampea 0.75. Volti zinazobaki kwa balbu ni 0.75 × 12, yaani volti 9. Nguvu yake, hata tukichukulia kwamba ukinzani wa balbu haukubadilika, ni 9 × 0.75, yaani wati 6.75. Ni zaidi kidogo tu ya nusu!

Zile volti 3 zilizopungua zimetumika katika waya, na nishati yake imegeuka joto. Mwanga wa mvuvi umepotelea humo. Afanye nini? Asogeze betri karibu na banda ili waya uwe mfupi, au anunue waya mnene. Hana haja ya kutupa balbu wala betri.

Ukinzani unaotakiwa

Usidhani kwamba ukinzani ni adui siku zote. Uzi wa balbu hutoa mwanga kwa sababu ukinzani wake huufanya upate moto mkali. Pasi ya umeme hupata joto kwa njia hiyohiyo. Ukifungua redio iliyokufa utaona vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi. Hivyo huitwa vikinza. Kila kikinza kimetengenezwa kiwe na omu maalumu, na mistari ile ya rangi hutaja idadi yake. Kazi yake ni kupunguza mkondo ili vipande vingine dhaifu visiungue. Mzunguko usio na ukinzani wa kutosha ni hatari. Ndiyo sababu hatuunganishi ncha mbili za betri kwa waya mtupu: mkondo huwa mkubwa mno, waya huungua, na moto unaweza kuzuka.

Kutoka bwawani hadi mjini

Ukiufuata Mto Rufiji kutoka delta kuelekea ulikotoka, utafika katika korongo la Stiegler. Hapo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Kituo chake cha umeme kina mitambo 9, na kila mmoja umeundwa kutoa megawati 235. Jumla yake ni megawati 2,115. Umeme huo husafirishwa hadi Chalinze kwa msukumo wa volti 400,000. Kwa nini volti nyingi kiasi hicho? Kanuni ya Ohm itakujibu.

Tuseme unataka kutuma wati 400,000 kwa waya wenye ukinzani wa omu 10. Ukitumia volti 4,000, mkondo ni ampea 100. Volti zinazotumika katika waya ni 100 × 10, yaani 1,000. Nguvu inayopotea ni 1,000 × 100, yaani wati 100,000. Hiyo ni robo nzima ya umeme wako.

Ukitumia volti 400,000, mkondo ni ampea 1 tu. Volti zinazotumika katika waya ni 10, na nguvu inayopotea ni wati 10. Waya ni uleule! Hesabu ya njia halisi ya umeme ina mambo mengi zaidi, lakini maana yake ni hiyo. Karibu na miji na vijiji, mashine ziitwazo transfoma hupunguza volti hizo kabla umeme haujaingia nyumbani.

Kwa hiyo hesabu iliyofanywa na mwalimu wa shule kwa nyaya nane za shaba hutumika hata katika mtambo mkubwa unaoendeshwa na maji ya Rufiji.

Jaribio

Fanya kama Ohm. Tafuta betri mbili za tochi, balbu ndogo ya uzi ya tochi, vipande vitatu vya waya, na penseli laini. Mwombe mwalimu aipasue penseli kwa urefu wake ili risasi yake ionekane.

1. Unganisha betri, balbu na risasi ya penseli ziwe mzunguko mmoja.
2. Gusisha ncha za nyaya mbili karibukaribu juu ya risasi. Tazama mwanga.
3. Sogeza ncha moja polepole ili urefu wa risasi inayopitisha umeme uongezeke. Mwanga unakuwaje?
4. Andika ulichokiona. Rudia mara tatu.

Hadhari: tumia betri za tochi peke yake. Usiguse kamwe nyaya za umeme wa nyumbani wala za nguzo. Ngozi iliyolowa ina ukinzani mdogo kuliko ngozi kavu, hivyo umeme humpitia kwa wingi zaidi mtu aliyelowa maji, naye anaweza kufa.

Maswali

1. Kwa nini Ohm aliacha kutumia betri za namna ya Volta katika vipimo vyake?
2. Taja mambo mawili yanayoongeza ukinzani wa waya.
3. Msukumo wa volti 6 unapitisha mkondo wa ampea 2. Ukinzani ni omu ngapi? Nguvu ni wati ngapi?
4. Mvuvi amebadili waya wa banda, na ukinzani wa waya mpya ni omu 3. Mkondo ni ampea ngapi?
5. Ohm aliibadili kanuni yake ya mwaka 1825, lakini hakuibadili ile ya mwaka 1827. Eleza sababu.